Leseni ya urubani hatua kwa hatua: daktari kwanza, ada baadaye

Somo hili ni la anayetaka kurusha ndege Tanzania, kuanzia uanafunzi hadi leseni ya biashara (CPL). Wa Kenya na Uganda nanyi mtajikuta humu, kwa sababu kanuni zetu zina chimbuko moja.

Mkataba wa Chicago wa 1944 ndio uliozaa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, na Kiambatisho chake cha 1 kinaweka viwango vya leseni. Nchi huvigeuza kuwa sheria zake na zinaweza kuongeza masharti. Kwetu msimamizi ni TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, Kenya ni KCAA, na CASSOA, wakala wa usalama wa anga wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wenye makao Entebbe, huoanisha kanuni za Afrika Mashariki. ICAO yenyewe haimpi mtu leseni. Anayekuuzia "leseni ya ICAO" anakuibia.

Hatua ya 1: Daktari. Nenda kwa daktari aliyeidhinishwa na mamlaka kabla hujalipa hata shilingi ya ada. Leseni ya binafsi (PPL) inataka cheti cha afya cha daraja la 2, lakini kama lengo lako ni ajira, omba daraja la 1 tangu mwanzo. Hapo utapimwa moyo kwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo), masikio, macho, na uwezo wa kutofautisha rangi. Hiyo ya rangi ndiyo huwakatisha watu safari, na inauma zaidi ukiigundua baada ya kuuza kiwanja.

Hatua ya 2: Shule. Dai kuona cheti cha idhini, kisha angalia kama kozi unayoitaka imetajwa humo na kama muda wake haujaisha. Idhini ina faida ya fedha: kwa kiwango cha ICAO, PPL ni saa 40 za kuruka, lakini 35 ukisoma kozi iliyoidhinishwa. CPL ni saa 200, au 150.

Hatua ya 3: PPL. Umri ni miaka 17. Katika saa zako, 10 ziwe za peke yako bila mkufunzi, na 5 kati ya hizo ziwe za safari, yaani kutoka kiwanja kimoja hadi kingine. Safari moja lazima ifike kilomita 270, na usimame kabisa kwenye viwanja viwili tofauti. Dar–Zanzibar na kurudi haitoshi, ni kama kilomita 150 tu. Dar–Tanga–Zanzibar–Dar inakaribia 400, inatosha. Kosa la kawaida ni kugusa tu njia ya kurukia pale Tanga na kupaa tena. Huko si kusimama, na safari nzima utairudia kwa mafuta yako.

Hatua ya 4: Logibuku. Ni daftari la kuandikia saa zako za kuruka. Hapa nakaa kidogo, maana maombi mengi hukwama hapa. Muda wa kuruka unaanza ndege inapoanza kusogea kwa nia ya kupaa, unaisha inaposimama mwisho wa safari. Kwa hiyo kutambaa ardhini kunahesabika. Ukiandika kwa desimali, dakika 6 ni 0.1. Saa 1 na dakika 24 ni 1.4, ukiandika 1.24 umejipunja karibu dakika 10, na jumla ya ukurasa haitalingana na kumbukumbu za ndege. Saa ulizokaa na mkufunzi akikufundisha ziende safu ya mafunzo, wala zisihamie safu ya rubani mkuu. Mkaguzi hulinganisha logibuku yako na ya ndege, mstari kwa mstari.

Jihadhari pia na saa zetu za Kiswahili. Mpango wa safari huandikwa kwa UTC, saa ya kimataifa: saa tatu asubuhi ni 0900 ya Afrika Mashariki, yaani 0600 UTC.

Hatua ya 5: CPL. Umri miaka 18, daraja la 1 la afya. Saa 100 uwe rubani mkuu (70 kwa kozi iliyoidhinishwa), 20 kati yake za safari, mojawapo kilomita 540. Ongeza saa 10 za mafunzo ya kuruka kwa vyombo, yaani kwa kusoma mita za ndege bila kutegemea kuona nje. Kisha mitihani ya nadharia na jaribio la angani mbele ya mtahini.

Maswali ya wanachama

*Wakuu, navaa miwani. Nisahau?*
Usisahau, ndugu. Daraja la 1 linataka uoni wa 6/9 kila jicho na 6/6 kwa yote mawili, kwa miwani au bila. Ukiihitaji, sharti ni uivae ukiwa kazini na uwe na ya akiba karibu.

*PPL yangu inaniruhusu kubeba watalii kwa malipo?*
Hapana. PPL haikuruhusu kulipwa kwa kurusha ndege.

*Kiingereza kinapimwaje?*
Kwa mazungumzo ya redio na ya kawaida, ngazi 1 hadi 6. Ya 4 ndiyo ya chini kwa safari za kimataifa, na kwa pendekezo la ICAO inarudiwa kila miaka 3, ya 5 kila miaka 6. Ya 6 hairudiwi.

*Nimesomea Afrika Kusini. Naanza upya?*
Huanzi upya, mkuu. Omba leseni yako itambuliwe au igeuzwe. Mamlaka itaiuliza iliyokupa kama ni halali, kwa hiyo anza mapema, na logibuku yako halisi usiiache huko.