Somo: Kuchagua vali ambayo pigi litapita bila kukwama

Wakuu, salaam. Mafuta ghafi yenye nta, kama yale ya bomba la Hoima hadi Chongoleani, Tanga (kilomita 1,443, inchi 24), huacha utando kwenye kuta za bomba. Utando huo hukwanguliwa na pigi, yaani kile chombo kinachosukumwa na mafuta yenyewe ndani ya bomba. Kwenye bomba lililonyooka pigi halina taabu. Linakokwama ni kwenye kona kali, kwenye tii (pale tawi linapoungana na bomba) isiyo na nondo za kulizuia lisichepuke, na kwenye vali. Leo ni zamu ya vali.

Hatua ya 1: Anza na pigi, katalogi baadaye. Pigi la sponji hubonyea, hata penye tundu dogo kidogo litapenya. La chuma lenye vikombe vya poliyurethani halina huruma hiyo. La ukaguzi, lile lenye sumaku na vihisi, ni refu, zito na ghali. Chagua vali kwa ajili ya pigi gumu kuliko yote litakalowahi kupita hapo, hata kama litakuja baada ya miaka kumi.

Hatua ya 2: Ondoa zisizofaa. Batafulai, vali inayofungwa na sahani inayozunguka, haifai kabisa, kwa sababu sahani hiyo hubaki katikati ya njia hata ikiwa wazi. Globu vali nayo hapana, maana njia yake ya ndani ina kona. Zinabaki bolu vali (yenye mpira uliotobolewa unaozunguka) ya tundu kamili, yaani tundu linalokaribia upana wa bomba, na geti vali (yenye lango linalopanda na kushuka) ya bamba lenye tundu, ambayo ikifunguliwa tundu la bamba hulingana na bomba.

Hatua ya 3: Pima tundu kwa milimita. Hapa ndipo wengi huumia, kwa sababu "inchi 12" kwenye kibao cha vali ni saizi ya flanji tu, yaani ya mdomo unaofungwa kwenye bomba. Bolu vali ya inchi 12 iliyopunguzwa tundu hadi inchi 10 ina milimita 252, na huwezi kuitambua kwa kuitazama nje. Kwa API 6D, kiwango cha vali za mabomba, tundu kamili la inchi 12 daraja la shinikizo la 600 ni angalau milimita 303. Bomba la inchi 12 lenye unene wa milimita 9.5 lina kipenyo cha ndani cha karibu 305, kwa hiyo hapo mambo ni sawa. Lakini panda hadi daraja la 1500: tundu "kamili" hushuka hadi 287. Neno "tundu kamili" peke yake kwenye oda halitoshi. Andika namba, na uandike pia kipenyo cha ndani cha bomba.

Hatua ya 4: Hakikisha inafunguka yote. Bolu ikisimama nyuzi chache kabla ya mwisho, ukingo wake hujitokeza ndani ya njia. Kagua vizuizi vya mwisho wa mzunguko vya mota au gia vali ikiwa bado chini, kabla ya kuifunga kwenye laini.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, geti vali ya kawaida ya kabari si hufunguka yote? Sisi tunapitisha sponji bila shida.

Jibu: Hufunguka, ila huacha uwazi kati ya viti viwili (sehemu ambazo kabari hubana ikifungwa). Nta na kutu zinazosukumwa na pigi hudondokea humo, na siku ya kufunga kabari haikai. Ya bamba lenye tundu haina uwazi huo ikiwa wazi. Ubaya wake ni urefu: pima nafasi ya juu na chini kabla hujamwaga zege la chemba.

Swali: Na cheki vali, ile inayoruhusu mafuta kwenda upande mmoja tu?

Jibu: Chukua ya kubembea ambayo ulimi wake hunyanyuka wote nje ya njia. Tumbo lake ni pana, kwa hiyo pigi fupi likifika hapo mafuta hulipita pembeni nalo husimama. Umbali kati ya vikombe vya mbele na vya nyuma uzidi urefu wa tumbo hilo. Na usijaribu kulirudisha pigi kinyume.

Swali: Vali zetu ni za zamani, karatasi zake zimepotea. Tunajuaje?

Jibu: Tanguliza sponji laini. Likitoka zima, fuata na pigi lenye bati la alumini la kupimia, kwa kawaida asilimia 95 ya kipenyo kidogo zaidi kinachotarajiwa. Bati likitoka limekunjika pande zote, kuna mahali njia ni nyembamba. Likiwa na pengo la upande mmoja, mshuku wa kwanza ni vali ambayo haikufunguka yote. Ulifunge pigi na kirusha ishara, ili lifuatiliwe lilipo, maana bati halisemi lilijeruhiwa wapi.

Swali: Bosi analalamikia bei. Lazima vali zote ziwe hivyo?

Jibu: Hapana. Ni zile tu zilizo kwenye njia ya pigi, pamoja na ile ya mbele ya kirushio (chumba cha kuingizia pigi) na ya mbele ya kipokeo (chumba cha kulitolea). Za kutolea maji, za bomba la kando, na ya laini ndogo inayolisukuma pigi litoke kirushioni zinaweza kuwa za tundu dogo.