Kashata za karanga na asali ya Tabora, za nyumbani na za zawadi

Sikukuu ikikaribia, iwe Idi au Krismasi, jiko langu hapa Isevya halina kazi nyingine ila kashata. Pwani wanapenda za nazi, na ni tamu, lakini nazi hutufikia Tabora ikiwa imesafiri siku kadhaa. Karanga na asali ni za kwetu, na ukimpelekea mtu wa Dar kopo la kashata zenye asali ya Unyamwezi anajua umemkumbuka.

Watu huniuliza kipimo cha sukari. Kipimo nitakitoa, ila kashata nyingi ninazoletewa nizionje zimeharibika kwa sababu nyingine: mpishi hakujua shira yake imefika wapi. Kwa hiyo kwenye shira tutakaa sana, penginepo tutapita haraka.

Kwa vipande 40 hivi andaa karanga nusu kilo, sukari gramu 300, asali vijiko 3 vya chakula, maji theluthi moja ya kikombe, maji ya ndimu nusu kijiko cha chai, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, na iliki punje 6 zilizotwangwa.

Hatua ya kwanza ni kuchambua karanga, na naomba usiiruke. Zimwage kwenye ungo mwangani, uzipitie kwa mkono. Punje iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu au harufu ya uvundo, itupe, na usiwape hata kuku. Karanga zilizohifadhiwa na unyevu hushika sumukuvu, na sumu hiyo haimalizwi na moto wa kukaangia. Zawadi isiwe ugonjwa.

Hatua ya pili, kaanga kwa moto mdogo huku unageuza, kama dakika 15, mpaka maganda yaachie na ndani punje iwe na rangi ya dhahabu. Zifikiche, zipete. Kisha zirudishe kwenye sufuria na uziweke pembeni ya jiko zibaki na joto. Ukitia karanga za baridi kwenye shira, shira inaganda ghafla kabla hujachanganya, unabaki na mabonge.

Asali iwe ya nyuki wakubwa, nzito, ile inayotoka kwenye misitu ya miyombo upande wa Sikonge na Urambo. Ya nyuki wadogo usiitumie hapa. Ina maji mengi zaidi, ina uchachu, na bei yake iko juu. Itunze kwa kazi nyingine.

Hatua ya tatu, andaa vyombo kabla ya kuwasha shira, maana ikishaiva haikusubiri. Paka mafuta sinia, mwiko, kisu, na chupa ya kusukumia chapati. Weka karibu bakuli la maji baridi la kupimia, na ndoo ya maji safi ya kutumbukizia mkono ukiungua. Shira iliyoiva ina joto kuliko maji yanayochemka kwa nyuzi zaidi ya 40, na inaganda kwenye ngozi. Watoto watoke jikoni kabisa, hata wale wanaopenda kusaidia.

Sasa hatua ya nne, shira yenyewe. Tia sukari, maji na ndimu kwenye sufuria nzito, moto wa wastani. Koroga mpaka sukari yote iyeyuke, halafu weka mwiko chini. Ikianza kuchemka usikoroge tena. Chembe zilizoshika ukingoni mwa sufuria zifute kwa brashi iliyolowa maji. Chembe moja ikirudi ndani inawaita wenzake, na shira nzima inakuwa mchanga. Ndimu nayo ina kazi hiyo hiyo: uchachu wake huvunja sehemu ya sukari kuwa sukari ndogo mbili, na hizo huzizuia chembe kujipanga upya. Asali ina sukari hizo tayari kwa asili yake, ndiyo maana kashata ya asali ikipikwa vizuri hukatika laini bila mchangamchanga.

Pima kwa maji, usipime kwa saa. Mkaa wangu na mkaa wako haufanani. Dondosha tone la shira kwenye bakuli la maji baridi. Mwanzoni tone hutawanyika. Subiri. Likishuka chini likiwa zima, na ukilikusanya kwa vidole linafinyangika kama nta, hapo tia asali na upunguze moto. Ukiitia mapema zaidi itaungua na harufu yake itapotea.

Endelea kuchemsha kwa moto mdogo, ukipima kila baada ya dakika moja. Badilisha maji ya bakuli yakipata joto. Shira itaelekea rangi ya chai ya rangi iliyo nyepesi. Tone likigonga bakuli kama kokoto, na ukilitafuna linavunjika bila kunata kwenye meno, imeiva. Ipua papo hapo. Nusu dakika ya ziada huleta uchungu ambao iliki haiufichi.

Mwenye kipimajoto cha jikoni asome hapa kwa makini. Vipimo vya vitabuni huandikwa kwa watu wa usawa wa bahari: nyuzi 112 hadi 116 kwa tone la nta, na 146 hadi 154 kwa tone la kuvunjika. Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya bahari, na maji yetu huchemka karibu nyuzi 96. Punguza nyuzi 4 kwa kila kipimo. Mwaka wa kwanza nilipopata kipimajoto nilifuata namba za kitabu, nikaunguza sufuria tatu mfululizo huku tone la kwenye bakuli likiniambia ukweli wote nami simsikilizi.

Hatua ya tano inakwenda mbio. Mimina karanga za moto, chumvi na iliki, geuza mara chache mpaka kila punje ing'ae, mwaga kwenye sinia, sukuma kwa chupa. Kata ingali moto, ndani ya dakika mbili au tatu. Ikipoa haikatiki, inapasuka ovyo.

Ikigoma kuganda, shira haikufika. Irudishe kwenye moto mdogo sana uivishe kidogo, ukigeuza ili karanga zisiungue. Ikiwa mchanga, itwange uinyunyize juu ya uji. Ladha iko pale pale.

Asiyejisikia kucheza na shira ya moto mkali aanze na ubuyu. Chemsha sukari gramu 250 na kikombe kimoja cha maji, rangi nyekundu ya chakula, chumvi, iliki na pilipili ya unga kiasi upendacho. Ikianza kunata vidoleni, tia ubuyu nusu kilo wenye unga wake, geuza kwa moto mdogo mpaka shira ikaukie kwenye punje, kisha anika kwenye sinia upoe. Basi.

Tukirudi kwenye kashata, adui wao ni unyevu. Krismasi kwetu iko katikati ya msimu wa mvua, na asali huvuta maji kutoka hewani. Pika siku isiyo na mvua ikiwezekana. Zikishapoa kabisa, funga kila kipande kwenye karatasi ya kuokea, sokota ncha mbili, na uzipange siku hiyo hiyo kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana. Kikapu cha ukili kinapendeza, lakini kiwe cha kubebea kopo, kisibebe kashata zenyewe. Nilishapeleka kikapu kwenye harusi, kufika wakakuta bonge moja.

Mwisho, bandika kikaratasi juu ya kopo kwa mwandiko unaosomeka: ina karanga na asali. Wapo ambao punje moja ya karanga huwabana pumzi, na mtoto ambaye hajatimiza mwaka hapewi asali kabisa, hata ya kuramba.