Kichwa cha Uume Chekundu na Kinachowasha: Krimu Ipi Upake?

Kosa kubwa hufanyika kwenye duka la dawa. Mtu anaona aibu, anasema tu kwamba "anawashwa," na anaondoka na tyubu moja iliyochanganya dawa tatu: ya fangasi, ya bakteria na steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho) kali kama betamethasoni. Mwasho hutulia siku mbili tatu kwa sababu steroidi imezima uvimbe, huku fangasi wakiendelea kustawi. Ngozi ya kichwa cha uume ni nyembamba, na govi huifunika dawa, kwa hiyo steroidi hupenya kwa nguvu zaidi kuliko kwenye mkono au mguu. Ukiizoea, ngozi inazidi kuwa nyembamba na kuuma.

Basi anza kwa kuitazama ngozi kwenye mwanga mzuri.

Wekundu wenye vipele vidogo au mabaka, mwasho, na pengine utando mweupe chini ya govi, huelekea zaidi kuwa ni fangasi aina ya kandida. Hapo dawa ni klotrimazoli ya asilimia 1 au mikonazoli ya asilimia 2, asubuhi na jioni, kwa siku 7 hadi 14. Usiache siku ya tatu kwa kuwa mwasho umeisha. Kama wekundu na uvimbe ni mkali, mtaalamu anaweza kuongeza haidrokotisoni, steroidi hafifu, ya asilimia 1 kwa siku chache, pamoja na dawa ya fangasi. Haidrokotisoni peke yake juu ya fangasi ni kuwalisha.

Wekundu mkavu unaochoma, ulioanza baada ya kubadili sabuni, kupaka kilainishi kipya au kutumia kondomu za mpira, huenda ni ngozi iliyokerwa au mzio. Tiba ya kwanza ni kukiacha kilichoikera. Haidrokotisoni ya asilimia 1 kwa muda usiozidi wiki moja hutosha kwa wengi.

Harufu kali pamoja na majimaji machafu huelekeza kwenye bakteria. Hapa krimu ya fangasi haisaidii, na mara nyingi vinahitajika vidonge alivyoandika daktari, kama metronidazoli. Usijipakie antibayotiki kwa kubahatisha.

Namna ya kupaka ina uzito sawa na dawa yenyewe. Nawa mikono, vuta govi nyuma taratibu, osha kwa maji ya uvuguvugu bila sabuni. Kausha kwa kugusagusa na kitambaa safi, usisugue: ukipaka juu ya unyevu, unawaachia fangasi mazingira wanayoyapenda. Chukua krimu kiasi cha punje ya njegere, sambaza utando mwembamba kwenye kichwa, kwenye mfereji ulio nyuma yake na upande wa ndani wa govi. Kisha rudisha govi mahali pake, kila mara. Likiachwa nyuma linaweza kuvimba na kukaba. Likikataa kurudi, nenda hospitali saa hiyohiyo. Kwa mtoto, govi lisivutwe kwa nguvu kamwe.

Spiriti, dawa za kuua vijidudu na dawa ya meno zisifike hapo kabisa. Huunguza, na jeraha hilo huwa gumu kutofautisha na ugonjwa wenyewe. Kumbuka pia kwamba krimu nyingi za fangasi hudhoofisha kondomu za mpira, hivyo ni salama zaidi kuahirisha tendo la ndoa hadi upone. Mwenzi mwenye mwasho au uchafu ukeni naye achunguzwe, vinginevyo mnaweza kuendelea kuambukizana.

Ikiwa hakuna nafuu baada ya siku 7, usibadilishe tyubu, badilisha swali. Pima sukari, hasa kama fangasi wanarudi rudi, kwani kisukari ambacho hakijagunduliwa hujionyesha hivi kwa baadhi ya wanaume. Mabaka meupe magumu yanayokaza govi yanahitaji steroidi kali sana, klobetasoli, lakini kwa maelekezo ya daktari tu. Kidonda kisichouma kinaweza kuwa kaswende, malengelenge yanayouma yanaweza kuwa hapesi, na uvimbe au kidonda kisichopona huenda kikahitaji kukatwa kipande kidogo ili kupima saratani. Hayo yote hayana krimu ya kujinunulia. Mkojo ukikataa kutoka, homa ikipanda au uume mzima ukivimba, usisubiri asubuhi.