Namna ya Kuandika Historia ya Mashindano ya Shule za Sekondari za Malindi na Lamu

Anayetaka kuandika historia ya mashindano ya shule za sekondari katika sehemu zetu hizi mara nyingi hukimbilia kabati la vikombe katika ofisi ya mwalimu mkuu, akanakili majina na miaka, kisha akadhani kazi imekwisha. Mimi naomba uanze kwingine kabisa, nayo ni ramani. Kikombe kilichochongwa maneno "bingwa wa wilaya" hakina habari kamili mpaka msomaji ajue wilaya hiyo iliishia wapi mwaka ule, ni shule ngapi zilizoshiriki, na mshindi alipotoka hapo alikwenda kukutana na nani.

Leo mashindano yako chini ya Chama cha Michezo ya Shule za Sekondari Kenya, na timu hupanda daraja moja baada ya jingine: zoni, kaunti ndogo, kaunti, ukanda wa Pwani, taifa, na hatimaye michezo ya Afrika Mashariki. Kabla ya kaunti kuanza kazi mwaka 2013, chini ya katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, tulikuwa na wilaya na mkoa. Malindi ilikuwa ndani ya wilaya ya Kilifi mpaka ilipopewa wilaya yake katika miaka ya 1990, halafu mwaka 2013 ikajikuta tena ndani ya Kilifi, safari hii kaunti, pamoja na Magarini, Ganze, Kaloleni, Rabai, Kilifi Kaskazini na Kilifi Kusini. Maana yake ni kwamba bingwa wa Malindi wa mwaka 2000 alikuwa bingwa wa wilaya nzima, ilhali bingwa wa Malindi wa mwaka 2015 alikuwa bado ana shule za Kaloleni na za upande wa Mtwapa mbele yake kabla ya kuuona ukanda. Ukiyaweka mafanikio ya miaka hiyo miwili katika safu moja bila maelezo, utakuwa umewadhulumu wachezaji wa pande zote mbili. Lamu haikupata misukosuko hiyo ya mipaka, kwa kuwa wilaya ndiyo iliyogeuka kuwa kaunti, lakini shule zake ni chache, kwa hiyo idadi ya timu zilizoshiriki ni lazima iandikwe kando ya jina la kila mshindi.

Baada ya ramani ndipo uende kwenye maandishi. Kikombe hupotea, huazimwa, au hupakwa rangi upya, lakini shule huwa na karatasi nyingi kuliko inavyodhaniwa: kitabu cha matukio ya shule, barua za kuomba ruhusa ya safari, risiti za kukodi basi au mashua, ratiba za siku ya wazazi, na picha za timu zilizotundikwa ukutani mpaka jua likazififisha. Risiti ya usafiri naithamini kupita kikombe, kwa sababu ina tarehe, ina mahali timu ilikokwenda, na aliyeiandika hakuwa na nia ya kujisifu. Cheti anachopewa mwanafunzi anapomaliza shule nacho hutaja michezo aliyoshiriki na kama alikuwa nahodha, na wahitimu wengi wamekihifadhi nyumbani vizuri kuliko shule ilivyohifadhi rejista zake. Piga picha ya kila karatasi kwa simu, mbele na nyuma, kwa maana majina ya wachezaji mara nyingi yameandikwa kwa kalamu nyuma ya picha. Katika shule moja niliyowahi kufundisha, rejista za michezo za miaka mingi ziliteketezwa pamoja na takataka wakati stoo ilipokuwa ikisafishwa, na jambo hilo bado linaniuma. Ndiyo sababu nasisitiza upige picha siku ile ile unapoiona karatasi, usiseme utarudi kesho. Kwa barua za ofisi za elimu za zamani, uliza katika ofisi ya Nyaraka za Taifa iliyoko Mombasa, na matokeo ya fainali za mkoa yatafute katika kurasa za michezo za Taifa Leo na Daily Nation.

Kazi iliyo tamu zaidi, na iliyo ngumu zaidi, ni kuwasikiliza waliocheza na waliofundisha. Usiende na maswali yaliyochapishwa kama ya hojaji. Bisha hodi, mpe mwenyeji shikamoo yake, kaa barazani, na umwache mwalimu wa michezo wa zamani asimulie safari kabla ya kusimulia mabao, kwa sababu safari ndiyo inayokumbukwa kwa usahihi. Timu ya Faza, Siyu au Kizingitini, katika kisiwa cha Pate huko Lamu, ilianza mashindano baharini. Ilipofika bandari ya Mokowe ilikuwa na barabara ndefu ya Witu na Garsen mbele yake, ikiwa mashindano yanafanyika Malindi au Mombasa. Michezo ya muhula wa pili, ambao kwa kawaida huanza karibu na Mei na kwisha karibu na Agosti, huangukia msimu wa kusi, wakati bahari imechafuka na mvua za masika zimeharibu njia. Kwa hiyo unapokuta katika orodha kwamba timu ya visiwani "haikufika", usiandike kuwa ilijitoa mpaka umeuliza hali ya bahari na ya barabara juma hilo.

Miaka ndiyo inayopotea katika kumbukumbu za wazee, lakini kuna njia ya kuirejesha. Muulize mzee kama ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Kwa kuwa mwezi huo hurudi nyuma takribani siku 11 kila mwaka wa jua, jibu lake hupunguza uwezekano kwa kiasi kikubwa: Idi ya kufungua iliangukia Julai mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha ikaangukia Julai tena mwaka 2014, 2015 na 2016. Mtu anayekumbuka kwamba walicheza mechi ya kaunti wakiwa wamefunga, na Idi ikawakuta kabla ya shule kufungwa, amekupa miaka michache ya kuchagua bila ya kuitaja. Matukio ya nchi nayo yasaidie: je, ilikuwa kabla au baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, au kifo cha Mzee Kenyatta mjini Mombasa tarehe 22 Agosti 1978? Kila mwaka unaoupata kwa njia hii uandikie maneno "kwa kukadiria", na uubadilishe tu karatasi ikipatikana.

Kumbuka pia kwamba mpaka mwaka 1989 kulikuwa na kidato cha tano na cha sita. Shule iliyokuwa na madarasa hayo iliweza kuingiza uwanjani vijana wakubwa kwa miaka miwili kuliko wale wa shule iliyoishia kidato cha nne, na ushindi mwingi wa wakati huo hauwezi kuelezwa vizuri bila jambo hilo. Vivyo hivyo, pengo la mwaka 2020 lielezwe: shule ziliamriwa kufungwa tarehe 15 Machi kwa sababu ya korona. Kalenda ya masomo iliyofuata ilibanwa hata muhula wa kwanza wa 2022 ukaanza Aprili, kwa hiyo "muhula wa pili" wa kipindi hicho usiuhesabu kwa miezi ya kawaida.

Wasichana nawaombea sura yao wenyewe, si aya moja mwishoni. Netiboli na voliboli zao hazikupigwa picha wala kuandikwa magazetini kama soka ya wavulana, kwa hiyo ushahidi wao uko zaidi vinywani mwao. Ukimtafuta mchezaji wa zamani, uliza jina lake la shuleni pamoja na la baba yake, kwa sababu mtaani huenda anajulikana kwa jina la mwanawe wa kwanza tu, na wavulana nao uwaulize majina ya utani ya uwanjani. Pata idhini ya kila mtu kabla ya kulichapa jina lake, na anayekataa mtaje kwa nafasi aliyocheza.

Unapoandika, panga sura kwa vipindi vya mipaka, yaani wilaya ya zamani, wilaya mpya na kaunti, wala si kwa shule, ili shule kubwa zisizifunike ndogo. Rasimu ikikamilika, isome kwa sauti mbele ya watu wa shule mbili zilizokuwa zikipingana, nao watasahihishana mbele yako. Kisha toa nakala kwa kila shule uliyoitaja na kwa kila mzee aliyekukaribisha, na nyuma ya kila nakala acha kurasa tupu za masahihisho.