Kumfanyisha mazoezi mgonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi

Kumlaza mgonjwa mchana kutwa hakuupi moyo wake nafuu. Misuli ya miguu hunywea, na misuli iliyonywea huchoka upesi hata kwa kazi ndogo. Ndiyo maana anahema akienda msalani tu. Mazoezi huirudisha. Ila ni ya mgonjwa ambaye hali yake imetulia, hahemi akiwa amekaa, na daktari wake ameruhusu.

Kazi kubwa ya muuguzi iko kabla ya hatua ya kwanza. Mpime uzito asubuhi, akishakojoa na kabla hajala, kwa mizani ileile. Akiwa ameongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, ahirisha mazoezi na umjulishe daktari, kwani hayo huenda ni maji yanayojaa mwilini. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, uhesabu sekunde 5, uachie. Shimo likibaki, ni dalili ya maji hayo; lilinganishe na la jana. Muulize pia amelalia mito mingapi: aliyezoea mmoja akihitaji mitatu, mapafu yake yanaanza kulemewa. Homa, kizunguzungu, au mapigo yanayozidi 100 kwa dakika akiwa amepumzika ni sababu tosha ya kungoja.

Pasha mwili moto taratibu kwa dakika 10 hadi 15, maana moyo dhaifu huchelewa kuitikia. Kisha atembee dakika 5 hadi 10, akipumzika katikati ikibidi. Ongeza muda kwanza, kasi baadaye, hadi afikishe dakika 30, siku 3 hadi 5 kwa wiki.

Usiongozwe na mapigo peke yake. Dawa za beta bloka, zinazopunguza kasi ya moyo, huyazuia kupanda, na mpapatiko wa atria, yaani vyumba vya juu vya moyo kutetemeka bila mpangilio, huyavuruga. Tumia kipimo cha Borg, ambacho mgonjwa mwenyewe hutaja namba ya ugumu anaousikia, kuanzia 6 (hakuna ugumu) hadi 20 (mwisho wa nguvu zake): abaki kati ya 11 na 13, aweze kusema sentensi nzima bila kukatwa na pumzi. Mwenye kifaa cha kushtua moyo kilichopandikizwa, pata kwanza kiwango cha mapigo kilichopangwa ili kifaa kianze kufanya kazi. Mapigo yake yasikikaribie, yabaki angalau 10 chini yake.

Akinyanyua uzito mdogo, ahesabu kwa sauti ili asibane pumzi.

Simamisha mara moja akiumwa kifua, akitoka jasho baridi, akipata kizunguzungu, au namba ya juu ya presha ikishuka zaidi ya 10 huku kasi ya mazoezi ikipanda. Dalili hiyo ya mwisho haionekani usoni. Ni lazima upime.

Asikatishe ghafla. Dawa zake nyingi hupanua mishipa, kwa hiyo akisimama wima bila kutembea damu hubaki miguuni, presha huanguka, naye huanguka pamoja nayo. Apunguze mwendo kwa dakika 10, akae, umpime tena.

Andika uzito, presha, dakika na namba ya Borg. Kesho yake muulize uchovu: kama bado haujaisha, kipindi kijacho punguza dakika.