Jinsi ya Kupanga na Kusajili Masomo ya Shahada ya Kwanza ya Masoko

Kabla ya kusajili somo lolote, pata mwongozo wa shahada wa mwaka uliodahiliwa, kwa kuwa katika vyuo vingi mwanafunzi hufuata mtaala aliouanza hata idara ikiubadilisha baadaye. Humo utakuta jumla ya krediti zinazotakiwa, yaani vipimo vya uzito wa kila somo. Kwa kawaida Marekani hudai krediti 120 kwa miaka minne, ilhali ECTS, mfumo wa Ulaya wa kuhesabu krediti, hudai 180 kwa miaka mitatu au 240 kwa minne.

Kisha yatenge masomo kwa mafungu: ya jumla, ya msingi wa biashara kama uhasibu, uchumi, fedha na takwimu, ya fani yenyewe, na ya hiari.

Hatua inayofuata ndiyo inayoamua kama utahitimu kwa wakati, nayo ni kufuatilia masharti ya awali, yaani masomo ambayo ni lazima uyafaulu ndipo uruhusiwe kusoma mengine. Chukua karatasi, uanze na somo la mwisho, ambalo mara nyingi ni Mkakati wa Masoko, urudi nyuma. Mara nyingi somo hilo hudai Utafiti wa Masoko, na Utafiti wa Masoko hudai Kanuni za Masoko pamoja na Takwimu. Wanaoogopa hesabu huiahirisha Takwimu hadi mwaka wa tatu, na hapo ndipo mfumo wa usajili unapowakatalia Utafiti wa Masoko. Na kama somo hilo hufundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka, muhula uliopotea hugharimu mwaka mzima. Nakusihi uisome Takwimu mapema. Bila kuelewa uchaguzi wa sampuli na upimaji wa nadharia tete (dhana inayosubiri kuthibitishwa kwa data), dodoso utakalotunga litakuletea majibu usiyoweza kuyatetea mbele ya mtu yeyote anayetaka kuwekeza fedha zake.

Ukishachora mpangilio huo, upeleke kwa mshauri wako wa masomo kabla dirisha la usajili halijafunguliwa, na muulize waziwazi ni masomo gani hayatafundishwa muhula ujao. Akikubali somo moja lichukue nafasi ya jingine, au krediti za chuo ulichotoka zihesabiwe, omba kibali cha maandishi na uhifadhi nakala, kwa sababu makubaliano ya mdomo hayaingii katika kumbukumbu za msajili. Vivyo hivyo kwa mafunzo kwa vitendo: pata idhini ya idara kabla ya kuanza kazi, maana vyuo vingi havitoi krediti kwa kazi iliyokwisha kufanyika.

Muhula mmoja kabla ya ule wa mwisho, omba ofisi ya msajili ikague rekodi yako, ukitazama krediti, wastani wa alama na masomo ya ngazi ya juu yanayotakiwa. Pengo likionekana wakati huo, bado lina muhula wa kuzibwa. Hatimaye jaza fomu ya maombi ya kuhitimu ndani ya tarehe iliyotangazwa, kwani vyuo vingi havimtunuku shahada mwanafunzi ambaye hajaomba, hata awe amefaulu masomo yote.