Kibaha hadi Kariakoo kila siku: jinsi ya kuchagua pikipiki ya safari ndefu ya kazini

Huu ni mwaka wangu wa saba wa kuamka saa kumi na moja alfajiri pale Picha ya Ndege, Kibaha, nikashika Barabara ya Morogoro hadi Kariakoo. Ni takriban kilomita 40 kwenda na 40 kurudi. Nimeshamiliki pikipiki tatu katika miaka hiyo, na ya tatu ndiyo ya kwanza niliyoichagua kwa akili. Wanaoniomba ushauri huanza na bei, wakaja cc (ukubwa wa injini), wakamalizia na rangi. Mimi huwauliza kwanza: utatembea mwendo gani, kwa muda gani, kila siku?

Hatua ya 1: Iandike safari yako

Shika kalamu kabla hujaingia dukani. Kilomita 80 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, ni kilomita 2,000. Kwa mwaka ni 24,000. Kwa mwenye safari kama hii, kumwaga oili ni shughuli ya kila mwezi na kupaka cheni mafuta ni ya kila wiki. Pikipiki inayomvumilia mtu wa kwenda sokoni na kurudi inaweza kukuchosha wewe ndani ya miezi mitatu.

Kisha igawe njia vipande. Kuanzia Kibaha hadi Mbezi barabara inafunguka, malori na mabasi ya mikoani yanakupita kwa upepo mkali. Ukishafika Kimara na kuendelea Ubungo ni foleni: gia ya kwanza, ya pili, klachi inashikwa na kuachiwa hadi kiganja kinauma. (Njia ya mwendokasi isikutamanishe. Si yetu, na basi likija huna pa kukimbilia.) Njia yangu inataka injini tulivu kwenye mwendo na klachi laini kwenye foleni. Ya kwako huenda inataka kingine, hasa kama kuna vumbi na makorongo kabla ya kufika lami.

Hatua ya 2: Chagua mwendo, ndipo uchague injini

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wanauliza pikipiki inakimbia ngapi. Wewe uliza inatulia kwenye ngapi. Kwenye makazi sheria yetu ni kilomita 50 kwa saa. Pakifunguka mimi natembea 65 hadi 70. Nataka injini ifanye mwendo huo ikiwa imebakiwa na nguvu, ili nikihitaji kulipita lori linalojikongoja mlimani nisibaki ubavuni mwake nikiomba Mungu.

Pikipiki ya cc 100 inafika 70, lakini inafika ikilia. Ya cc 125 inafika vizuri ukiwa peke yako. Ukiwa mzito, au unambeba mwenzako wa kazini kila asubuhi, nenda cc 150.

Hesabu na gia. Gia ya tano inaipumzisha injini: mwendo ni uleule, mizunguko ni michache, kelele inashuka. Yamaha YBR 125 ina gia 5, na zipo TVS HLX za gia 5. Boxer za cc 150 zenye gia 4 zimejaa mjini na ni ngumu kweli, lakini kwenye lami ndefu mara nyingi utajikuta unatafuta gia ambayo haipo.

Jaribio langu ni hili. Ipandishe hadi 70 kwenye gia ya mwisho, kisha tupia jicho kioo cha pembeni. Kama lori lililo nyuma yako unaliona kama doa linalotikisika, mtetemo huohuo utakuwa viganjani mwako saa nzima, asubuhi na jioni. Pikipiki yangu ya kwanza ilikuwa hivyo. Nilikuwa nafika kazini vidole vina ganzi, nashindwa hata kufunga vifungo vya koti la kazi.

Hatua ya 3: Ikalie kwa dakika 40

Dakika mbili mbele ya duka hazikuambii kitu. Tafuta mtu mwenye pikipiki ya aina hiyo, mwekee mafuta, mwombe uende nayo njia yako yote, ikiwezekana jioni wakati wa foleni. Nyayo zote mbili zifike chini ukisimama. Magoti yasikunjwe sana. Mikono ishike usukani bila kubeba uzito wa kifua. Ikiwa inaubeba, mabega yatakuambia ukifika Kibamba. Siti ibonyeze kwa ngumi: ukigusa bati kwa urahisi, sponji imekufa au ilikuwa nyembamba tangu kiwandani. Hilo fundi wa siti analimaliza kwa siku moja, kwa hiyo lisikufanye uikatae pikipiki nzuri.

Hatua ya 4: Ulizia spea kabla ya kulipa

Pikipiki yangu ya pili ilikuwa nzuri kuliko zote kwa macho. Asubuhi moja ilizima Kibamba, fundi akapima, kumbe CDI, kile kifaa cha umeme kinachoipa plagi cheche kwa wakati wake, imeungua. Nikazunguka maduka ya spea Kibaha, Mbezi, hadi Kariakoo kwenyewe. Hamna. Ya kuagiza ilichukua siku tisa, nami siku tisa hizo nikapanda madaladala mawili kwenda na mawili kurudi. Nilipoiuza sikupata hata nusu ya bei niliyonunulia, maana mnunuzi naye aliuliza spea.

Kwa hiyo andika vitu sita: waya wa klachi, viatu vya breki, plagi, CDI, seti ya cheni na sproketi, ringi za pistoni. Nenda kwenye maduka mawili ya karibu na nyumbani, sio mjini, uulize kila kimoja kwa jina la pikipiki unayoitaka. Ukikosa viwili, achana nayo. Hii ndiyo sababu Boxer, HLX na Honda zinazotumiwa na bodaboda zinabaki chaguo la busara: kila kijiwe kina fundi aliyezifungua mara mia.

Hatua ya 5: Pima mafuta mwenyewe

Namba ya kwenye tangazo haikuhusu. Jaza tangi sheli hadi mdomoni, andika kilomita za kwenye dashibodi, tembea siku tatu, jaza tena hadi palepale. Gawa kilomita kwa lita zilizoingia. Ya kwangu ya cc 150 inanipa kilomita 42 kwa lita. Ya jirani yangu ya cc 125, njia ileile, inampa 50. Kwa kilomita 2,000 tofauti ni lita 8 hivi kwa mwezi. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, basi zidisha kwa bei ya mwezi huo. Mimi nimeridhika kulipia lita hizo 8, kwa sababu ndizo zinazonivusha ubavuni mwa lori. Asiyetembea kwenye malori achukue 125.

Hatua ya 6: Taa, breki, tairi

Taa ijaribu gizani, injini ikiwa kwenye sailensa, yaani inaunguruma bila kuvutiwa mafuta. Pikipiki nyingi ndogo zinachukua umeme wa taa moja kwa moja kwenye koili, kwa hiyo ukiachia mafuta taa inazama na shimo halionekani, tena pale unapofunga breki. Chagua inayowasha taa kwa betri.

Diski mbele ni bora kwa mwendo huu, hasa masika. Tairi zenye meno makubwa zivue kama njia yako ni lami tupu; zinavuma, zinakula mafuta, na kwenye lami yenye maji hazishiki.

Hatua ya 7: Kama unanunua iliyotumika

Mpigie muuzaji usiku, mwambie utafika saa kumi na mbili asubuhi. Ukifika, kabla hata ya salamu kuisha, weka kiganja kwenye bloku ya injini. Kuna kijana nilimkuta Mlandizi, bloku ina moto.

"Kaka, umeiamsha leo?"

"Nimeipasha tu kidogo, bro, usihangaike kupiga kiki."

Nikamshukuru, nikaondoka. Injini iliyopashwa imefichwa kitu: ugumu wa kuwaka, mlio wa baridi, au moshi wa bluu wa mwanzo unaosema ringi zimekwisha.

Ikiwa ni ya baridi, iwashe, simama nyuma, tazama ekzosi. Kisha ivute cheni kwa vidole pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa. Ikiinuka ukaona nusu ya jino, cheni na sproketi zimeisha zote, punguza bei. Inua gurudumu la mbele, zungusha usukani polepole. Ukihisi unanasa katikati kama una kitanda chake, bearingi za shingo zimekufa. Mwisho mwombe aiendeshe mbele yako kwenye barabara iliyonyooka. Magurudumu yote mawili yapite mstari mmoja. Yasipopita, chesisi imewahi kupinda, na hiyo sinunui hata kwa bei ya kutupa.

Iliyotoka kwenye mkataba wa bodaboda usiamini kilomita zake. Amini vyuma vya kukanyagia na raba za mikononi: zikiwa zimelika hadi laini huku dashibodi inasoma 15,000, waya wa kuhesabu kilomita ulikatwa.

Hatua ya 8: Karatasi

Soma namba ya chesisi na ya injini kwenye chuma chenyewe, linganisha na kadi, herufi kwa herufi. Jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia, na uhamisho wa umiliki ufanyike TRA kabla pesa yote haijatoka mfukoni. Leseni ya daraja A1 inaishia cc 125. Ukichukua 150 unahitaji daraja A. Bima ndogo, inayolipa hasara za wengine tu, ni lazima. Kama pikipiki ndiyo inayokufikisha kwenye mshahara, fikiria bima kubwa, inayolipa hata pikipiki yako.

Hatua ya 9: Kilomita 1,000 za mwanzo

Ikiwa ni mpya, usiikamue. Badilisha mwendo mara kwa mara, usikae kwenye 70 kwa nusu saa mfululizo. Mwaga oili ya kwanza mapema, kwenye kilomita 500, hata kama muuzaji anasema bado. Niliimwaga ya kwangu kwenye beseni jeupe juani: chini kulikuwa na chembe za chuma zinazometa kama mchanga wa ufukweni. Siku hiyohiyo kaza bolti zote, spoku moja moja, na urekebishe cheni, maana cheni mpya hulegea haraka kuliko itakavyolegea baadaye.